Lami Nyembamba Si ya Barabara Iliyokufa

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wahandisi wenzangu, mafundi sanifu, na ndugu zetu makandarasi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie matengenezo ya barabara za lami, na najua mmezichoka hotuba za namna hii. Mtu anapanda jukwaani, anataja ile methali ya ufa na ukuta, watu wanapiga makofi, kisha bajeti inabaki vilevile. Methali hiyo leo nimeiacha nyumbani. Nitazungumzia kitu kimoja: tabaka jembamba la lami ya moto, lenye unene wa milimita 20 hadi 40, linalotandazwa juu ya barabara ya lami iliyopo. Na jambo linaloudhi nalisema mapema ili tusigombane mwishoni. Tabaka hili ni la barabara ambayo bado nzima. Ile yenye mashimo, ile ambayo wananchi wanaipigia kelele kila mkutano, haitaponywa nalo.

Naona mheshimiwa pale nyuma anatikisa kichwa. Namwelewa. Ukisimama kwenye mkutano wa hadhara ukasema fedha za mwaka huu zinakwenda kwenye barabara isiyo na shimo hata moja, huku mtaa wa pili watoto wanaruka madimbwi kwenda shule, utazomewa. Mimi siombi kura, kwa hiyo ni rahisi kwangu kusema. Lakini nipeni nafasi niwaonyeshe hesabu, halafu mtaamua wenyewe namna ya kuisemea huko kwenye kata.

Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa taarifa kuhusu kuchakaa kwa barabara katika nchi 85 zinazoendelea. Ilikadiria kuwa barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea kwa kukosa matengenezo, na kwamba matengenezo ya kuzuia hasara hiyo yangegharimu chini ya dola bilioni 12. Wenzetu wa Afrika Kusini, shirika lao la barabara kuu, SANRAL, wana hesabu yao wanayopenda kuirudia: ukiacha barabara miaka mitatu bila matengenezo, gharama ya kuirekebisha inafika mara 6 ya ile ya matengenezo, ukiiacha miaka mitano, inafika mara 18. Na msidhani elimu hii yote imetoka mbali. Kati ya 1971 na 1975 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza na Benki ya Dunia walifanya kazi kubwa Kenya, wakipima jinsi barabara zinavyochakaa na gharama za magari yanayopita juu yake. Takwimu zile zikawa sehemu ya msingi wa modeli ya HDM, ambayo hadi leo wizara nyingi huitumia kupanga matengenezo. Sehemu ya elimu hiyo ilichimbwa hapahapa kwetu Afrika Mashariki.

Kwa nini barabara nzima? Kwa sababu ya namna lami inavyokufa. Jua na hewa huikausha kutoka juu. Ile nyeusi iliyong'aa siku ya uzinduzi inageuka kijivu, kokoto ndogo zinaanza kung'oka na kukusanyika pembeni, kisha zinatokea nyufa nyembamba ambazo dereva hazioni. Hadi hapo barabara ni mgonjwa wa juu tu. Masika yanapokuja, maji yanapenya kwenye nyufa hizo na kulowesha tabaka la msingi. Msingi uliolowa hauna nguvu. Lori linapopita unabonyea, lami iliyo juu inakatika vipandevipande, na kufikia Juni una mashimo. Tabaka jembamba linafanya kazi katika ule muda wa kati, kabla maji hayajashuka chini. Linaziba njia ya maji, linarudisha uso ambao tairi linaushika vizuri, linasawazisha mawimbi madogo. Nguvu ya kubeba uzito linaongeza kidogo mno, na mtu yeyote anayewauzia tabaka la milimita 25 kama uimarishaji wa barabara anawauzia maneno.

Ndiyo maana ipo lami ninayoiita ya funika kombe mwanaharamu apite. Kiongozi mkubwa anatarajiwa. Wiki mbili kabla, barabara iliyooza inavishwa lami mpya. Inapendeza kwelikweli, picha zinapigwa. Wahandisi wana kanuni ya mkono kwamba ufa ulioachwa chini hupanda kwenye lami mpya kwa kasi ya milimita 25 hivi kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: tabaka lina milimita ngapi? Na hapo tunasema nyufa za kawaida. Kama msingi wenyewe umeoza, hata mwaka haumalizi.

Basi utajuaje kama barabara bado nzima? Tembea kwa miguu. Si kwa gari la ofisi lenye kiyoyozi, kwa miguu, na ikiwezekana asubuhi baada ya mvua. Lami inakauka haraka, nyufa zinabaki na unyevu, kwa hiyo zinajichora zenyewe. Ukiona nyufa za mistari, moja moja, zilizoachana, hiyo ni kazi yetu. Ukiona nyufa za mamba, zile zilizoungana na kukata lami vipande vidogo kwenye njia ya matairi, msingi chini yake umechoka. Ukiona tope jembamba jeupe au jekundu limetoka kwenye nyufa na kukauka juu, usiendelee kubishana: maji yako chini na magari yanayapiga pampu. Sehemu hiyo inachimbwa, inajengwa upya kutoka kwenye msingi, ndipo mnaongea habari ya kutandaza.

Mabonde ya matairi nayo yana maana mbili. Kuna bonde lililotokea kwa sababu lami yenyewe ni laini imesukumwa pembeni, utaliona limetengeneza vituta viwili ubavuni. Hilo linakwanguliwa kwa mashine, kisha unatandaza. Na kuna bonde pana lisilo na vituta, ambalo ni udongo wa chini umeshuka. Hilo ukilijaza lami, litashuka na lami yako.

Macho yakishindwa, kuna vipimo, na halmashauri haikosi uwezo wa kimojawapo. DCP ni fimbo ya chuma yenye ncha ya koni na nyundo ya kilo 8 inayodondoshwa kutoka urefu wa milimita 575. Unatoboa tundu dogo kwenye lami, unapiga, unahesabu fimbo imezama milimita ngapi kwa kila pigo. Mafundi wawili, siku moja, wanaweza kukusomea barabara ya mtaa mzima. Ipo pia boriti ya Benkelman, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1950, inayopima lami inabonyea kiasi gani chini ya lori lenye ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ya tani 8.2. Ni chombo cha zamani na cha polepole, mimi bado nakiheshimu.

Kabla sijaingia kwenye kazi yenyewe, neno moja kwa wenye malori, maana najua wapo humu ndani. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Wamarekani waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio ili wajue uzito unaharibu kwa kiasi gani. Jibu lililotoka ni kwamba uharibifu hupanda kwa kadiri ya kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa lugha ya sokoni: ekseli yenye matairi pacha inaruhusiwa tani 10 kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Ukipakia 12 hujaharibu kwa asilimia 20 zaidi. Umeharibu mara mbili. Kwa hiyo mizani ya Vigwaza inapokusimamisha, ujue inalinda lami kuliko mhandisi yeyote. Barabara za halmashauri hazina mizani, na malori ya mchanga na kokoto yanalijua hilo vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Hapa ndipo fedha hupotelea.

Viraka na kuziba nyufa hufanywa kwanza, wiki kadhaa kabla, ili magari yakae juu ya viraka na kuvishindilia. Kiraka kilichowekwa jana na kufunikwa leo kitashuka, na utakiona umbo lake juu ya lami mpya. Kisha barabara inafagiwa na kupulizwa hadi vumbi liishe. Baada ya hapo inakuja gundi, yaani ile lami ya kunyunyiza ambayo mafundi wengi huiita taki koti. Mara nyingi ni emalsheni, lami iliyochanganywa na maji, na inanyunyizwa kidogo sana, kati ya robo lita na nusu lita kwa kila mita ya mraba. Inatua ikiwa na rangi ya kahawia. Maji yanapojitenga na kukauka inageuka nyeusi na kunata. Msimamizi asiyejua kusubiri rangi igeuke hafai kuwa msimamizi.

Gundi hii ni sehemu ndogo ya gharama, na ndiyo inayoibiwa kwanza. Utakuta kijana amepewa keni ya kumwagilia bustani, anatembea anachora mistari, huku imefurika, kule pakavu. Au gari la kunyunyiza lina pua tatu zilizoziba na hakuna aliyeinama kuangalia. Tabaka nene linaweza kuvumilia uzembe huo kwa muda, maana uzito wake wenyewe unalituliza. Tabaka la milimita 25 halina kitu kingine cha kulishikilia. Nendeni kwenye vituo vya daladala, kwenye taa, kwenye miteremko, pale magari yanapofunga breki. Kama gundi haikushika, mtaona nyufa zenye umbo la mwezi mwandamo, moja nyuma ya nyingine. Ingiza vidole kwenye ufa, inua. Kipande kinatoka kizima kama sahani, na ukikigeuza unakuta chini yake vumbi, wala hakuna hata dalili ya weusi wa gundi. Nimevishika vipande hivyo mkononi mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Jambo la pili ni joto. Wote hapa mmemwaga chai kwenye kisahani ili ipoe upesi, basi lami nayo ni vivyo hivyo. Mchanganyiko unatoka mtamboni ukiwa na nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na kushindilia kunapaswa kuisha kabla haujashuka chini ya 80 hivi. Tabaka la milimita 50 linakupa nafasi ya kupumua. Ukilipunguza likawa 25, muda unapungua kwa zaidi ya nusu. Zimebaki dakika chache, na upepo ukiwepo ni chache zaidi. Mtu aliyetandaza Dar es Salaam mchana wa Februari akienda Makambako mwezi wa Julai kwa mtindo uleule, ataacha nyuma yake lami yenye matundu, inayonyonya maji. Kwa hiyo rola zinatakiwa mbili, zikiifuata mashine ya kutandaza kwa karibu, si moja iliyoegeshwa kivulini ikimsubiri dereva amalize chai. Malori yapangwe ili mashine isisimame. Fundi awe na kipimajoto mkononi, na lori lililofika na lami iliyopoa lirudi, hata kama mkandarasi atalia. Na rola isitetemeshwe kwa nguvu: chini kuna lami ngumu, juu kuna tabaka jembamba, mtetemo mkali unasaga kokoto zilizobanwa katikati.

Kokoto nazo. Tabaka linatakiwa liwe na unene wa angalau mara tatu ya kokoto kubwa iliyomo. Milimita 30 zinataka kokoto isiyozidi 10. Zile za 14 na 20 tulizozoea kwenye lami nzito zikiingizwa humu zinaburutwa na mashine, zinachora mistari, na mchanganyiko haushindiliki. Makandarasi wadogo mnisikilize hapa: agizeni kokoto ndogo mapema, iwe Lugoba au popote mnaponunua, kwa sababu mashine za kusaga zimezoea wateja wa zege, na kokoto ndogo safi isiyo na vumbi jingi si kitu cha kukipata kwa simu ya asubuhi. Wafaransa, walioanza kuzijaribu lami nyembamba sana kwa bidii miaka ya 1980, hutandaza milimita 20 hadi 25, na wana nyingine za 10 hadi 15. Wanaweza kwa sababu kokoto zao, bitumeni yao (ile nyeusi inayoshikanisha kokoto) na gundi yao vimepangwa kwa ajili hiyo. Unene ule bila vitu vile ni kupaka rangi.

Mtauliza kuhusu lami nyepesi, ile ya kunyunyiza lami na kumwaga kokoto juu. Mimi si adui yake. Kwa barabara ya wilaya inayopitisha magari mia mbili au tatu kwa siku, na ambayo msingi wake ni mzima, lami nyepesi ni nafuu na inatosha. Kupeleka lami ya moto kule, kilomita 100 kutoka mtamboni, ni anasa, na itafika imepoa. Tabaka jembamba la lami ya moto lina mahali pake: barabara za mjini zenye magari mengi, stendi, mbele ya hospitali na shule, ambako kokoto za kurukaruka zinavunja vioo na wenye maduka hawawezi kukaa na vumbi. Linafunguliwa kwa magari siku hiyohiyo, kelele za matairi ni ndogo.

Lakini mjini kuna tatizo la kimo. Kila tabaka linainua barabara. Ukitandaza mara tatu bila kukwangua, ukingo wa zege unamezwa, na mvua inayofuata maji yanahamia dukani kwa mtu. Mifuniko ya chemba inabaki mashimoni. Nje ya mji, lami inapanda na bega la udongo linabaki chini, na dereva wa bodaboda anayekwepa basi usiku anaanguka kwenye ile ngazi. Mkataba usiotaja kuinua mabega na mifuniko haujakamilika, msiupitishe. Kwenye madaraja pia kumbukeni kuwa kila milimita 25 inaongeza kilo 60 hivi kwa kila mita ya mraba, uzito usioondoka hata usiku.

Nirudi kwenye fedha, waheshimiwa. Kila lita ya petroli na dizeli tunayonunua ina tozo ya barabara ndani yake, na sehemu yake inafika kwenu kupitia Mfuko wa Barabara na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kwenye majedwali yenu mna matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, na matengenezo ya sehemu korofi. Ile ya sehemu korofi haikosi mtetezi, wananchi wenyewe wanaitetea. Ya muda maalumu, ambamo tabaka hili linaingia, ndiyo inayonyang'anywa kila bajeti inapobana, kwa sababu haina anayelalamika. Sisemi mwache mashimo. Nasema tengeni fungu la barabara ambazo bado nzima kwanza, kisha mgawane kilichobaki, kwa sababu mkianza na mashimo hakitabaki kitu, na mwaka kesho mashimo yatakuwa mengi zaidi.

Kalenda nayo ituonee huruma. Mwaka wa fedha unaanza Julai, ukavu upo, na kwetu mikataba inasainiwa vuli ikishaanza kunyesha. Ukaguzi wa miguu niliousema ufanyike mwishoni mwa masika, nyaraka za zabuni ziwe tayari kabla ya Julai, ili lami imwagwe Agosti na Septemba. Mafundi mnaweza kuanza hilo bila kusubiri shilingi ya mtu.

La mwisho ni la madiwani, kwa sababu mnalalamika kuwa wahandisi tunawafungia kwa maneno magumu. Chukueni kalamu. Barabara ya kilomita 1, upana wa mita 7, unene wa milimita 25, ni mita za ujazo 175. Lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.4 hivi kwa mita ya ujazo. Hizo ni tani 420, na ndani yake zimo tani 23 hivi za bitumeni, ambayo tunaiagiza nje na bei yake inafuata mafuta ghafi. Kwa tipa la tani 20 ni safari 21. Siku ya kazi kaeni chini ya mti, mhesabu matipa na mwombe stakabadhi za mizani ya mtamboni. Mkihesabu 15, unene haukufika 18, hata kama juu panang'aa, na mna haki ya kuomba lami ikatwe sampuli mbele yenu ipimwe kwa rula.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Mheshimiwa uliyekuwa unatikisa kichwa, anza wewe na swali lako.